Mtego wa nzi wa mfuko: nimeutumia wiki sita kwenye banda la kuku, naupa nyota tatu na nusu, ila kwanza jua nzi anaishi siku ngapi

Habarini wapendwa. Hii naandika kwa ajili ya wafugaji wenzangu wa kuku, na mama lishe, na wenye bucha, na yeyote ambaye sa hivi anakula mkono mmoja huku mwingine unafukuza nzi. Nilinunua huu mtego wa mfuko, ule wa plastiki wenye kifuniko cha njano kina matundu juu, ndani kuna pakiti ya unga, unaweka maji unaning'iniza. Nimemaliza mfuko wa kwanza na wa pili unaelekea kuisha, jumla wiki sita, na nimeufatilia kweli kweli maana shida yangu ilikuwa kubwa. Kwa kifupi unafanya kazi, unakamata nzi wengi mno, lakini ukiutegemea wenyewe tu utakuja kusema ni feki, na mi nilishafika hapo wiki ya pili, nilitaka kurudi dukani na risiti mkononi. Kilichonibadilisha mawazo ni kumjua nzi mwenyewe, anazaliwa lini anakufa lini, ndo maana hii ripoti imekuwa ndefu.

Nafuga kuku wa mayai 350 hapa Kihonda, Morogoro. Banda liko nyuma ya nyumba, chini nimemwaga maranda, na ukuta wa nyuma nimepakana na bibi mmoja mtu mzima sana. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza nzi wakaja ambao sijawahi kuona. Asubuhi moja napita namwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba, afu akanishika mkono akaniambia mwanangu, mi nakupenda na mayai unaniletea, lakini hawa nzi wananitua mpaka kwenye kikombe cha chai. Hakunigombeza. Ningependelea angenigombeza. Nimetoka pale moyo umeniuma kwasababu yule bibi ana mjukuu mdogo anatambaa, na nzi anatoka kwenye kinyesi anatua mdomoni kwa mtoto, na nzi hali kitu kigumu, anatema mate kwanza juu ya chakula kilainike afu ndo anafyonza, kwaiyo alichokibeba kwenye choo anakuachia hapo hapo. Kuhara kwa watoto kunaweza kupita njia hiyo.

Nikaenda duka la pembejeo siku hiyo hiyo. Kijana wa dukani akanipa huo mtego, elfu tisa mmoja, akaniambia dada wala usiwaze, nzi anaishi siku moja tu, ukiwakamata wa leo na wa kesho wameisha. Nikamwamini, kwani na mi tangu utotoni nimesikia hivyo hivyo kwamba nzi maisha yake ni siku moja. Naomba sana hii kauli tuiache. Nzi wa nyumbani akishakuwa mkubwa ana mabawa anaishi wiki mbili mpaka karibu nne hivi, akipata hali nzuri hata zaidi, mpaka miezi miwili. Akikosa kabisa chakula ndo anakufa ndani ya siku mbili tatu. Na kwenye banda la kuku atakosa chakula saa ngapi?

Basi, mtego wenyewe. Kufungua ni rahisi, unakata pale palipochorwa mstari, unavuta kifuniko juu kinasimama, unamimina maji mpaka alama, unga unayeyuka wenyewe. Siku ya kwanza hamna kitu, siku ya pili nzi wawili watatu, nikaanza kununa. Kumbe ule unga ni chambo ambacho kinatakiwa kichache kwanza, joto linakichachua, kikianza kunuka ndo nzi wanakuja. Siku ya tatu mchana kikaanza kunuka, na jamani kinanuka, harufu ya samaki aliyesahaulika kwenye mfuko juani. Kuanzia hapo walikuja kama wameitwa na mwenye sherehe. Wanaingia kwa yale matundu ya juu, wanashindwa kutoka kwasababu nzi anafata mwanga na mwanga unapita kwenye plastiki, wanazunguka mpaka wanachoka wanaanguka kwenye maji. Siku ya sita mfuko una tabaka jeusi la nzi waliokufa unene wa vidole viwili. Nilifurahi nikapiga picha nikamtumia dada yangu.

Lakini kosa nililofanya, na naona wengi tunalifanya, niliuning'iniza mlangoni pa banda, ndani kabisa. Lebo imeandikwa kwa kizungu na kichina tu na herufi ni ndogo, nikamuita mwanangu anisomee kwa sauti, inasema uwekwe nje, mbali na watu kama mita sita hivi, na upate jua. Mantiki yake ni kwamba huu mtego unaita nzi. Ukiuweka mlangoni unawaita mlangoni. Wale wa jirani ambao hawakuwa na mpango na wewe wanakuja kwako, wengine wanaingia mfukoni, wengine wanaona mayai yaliyopasuka wanabaki. Nikauhamishia kwenye mti wa mwarobaini upande ule wa mbali na kwa bibi, juani, urefu wa kiuno changu, na hapo ndani ya banda nzi wakapungua kidogo kwa kuhamisha tu.

Wiki ya pili ndo nilikasirika. Jumatatu nzi wamepungua, Jumanne wamepungua, Jumatano asubuhi nafungua banda nakuta nzi wapya, wamejaa, wanatembea tembea kwenye maranda kama hawajui kuruka. Na mfuko umejaa! Nikasema huu ni wizi. Nikampigia daktari wa mifugo anayenichanjiaga kuku, akaja jioni, hata mtego hakuutazama. Akachukua kijiti akaenda pale kwenye chombo cha maji kinachovuja, akachokonoa maranda yaliyolowa. Funza weupe, wanachemka kama uji jikoni. Akaenda kwenye yale magunia ya mbolea ninayowawekea watu wa bustani, akainua moja, chini yake vidude vya kahawia vimejaa kama mpunga umemwagika. Akaniambia wale wanaoruka ndo wachache, wengi wako chini na mtego wako hauwaoni.

Nikamuuliza sasa inachukua siku ngapi kutoka yai mpaka nzi, akasema kwa joto la Morogoro hesabu siku kumi, kumi na moja, ila usiniamini mimi, weka kwenye chupa uangalie. Na mwanangu yuko darasa la tano, wanafundishwa yai, lava, pupa, mdudu kamili, anakariri tu hajawahi kuona. Tukaamua kuangalia.

Tulichukua dumu la maji la lita tano tukakata juu, tukaweka mbolea mbichi ya kuku tukachanganya na pumba kidogo iliyolowa, tukaliacha wazi kivulini Jumamosi alasiri. Nzi walikuja wenyewe. Ukikaa kimya unamuona jike anarudi nyuma nyuma, anaingiza mkia kwenye ufa, anatulia hapo. Baada ya kama saa mbili tukafunika na kipande cha chandarua tukakaza na raba. Kwa tochi ya simu tukaona mayai, meupe, membamba, kama punje za mchele zilizopungua mara tano, kila moja haifiki hata milimita moja na nusu, yamelala kwa mafungu. Jike mmoja kila akitaga anaacha mayai 75 mpaka 150, na anataga mara kadhaa, maishani mwake anafika kama 500. Na anapandwa na dume mara moja tu kwa kawaida, mbegu zile zinamtosha maisha yote.

Jumapili tumetoka kanisani, mwanangu kakimbilia dumu hata viatu hajavua. Mayai hamna. Yameshatotoka, haijafika hata siku nzima! Funza wadogo kama uzi wanaingia chini wanakimbia mwanga. Hapa ndo nikaelewa kwanini kufagia banda kila baada ya wiki mbili hakunisaidii kitu chochote, mi naona mbolea ya jana ni mpya, kumbe tayari ina wakazi.

Jumatatu mpaka Alhamisi ni kula tu. Hawana miguu, hawana macho ya maana, kichwa kimechongoka na ndani kuna vindoano viwili vyeusi vya kukwangua chakula, nyuma kuna vitundu viwili vya kupumulia ndo maana wanaweza kuzamisha kichwa kwenye uchafu na wakaendelea kupumua. Wanajivua ngozi mara mbili katikati, kwaiyo ni hatua tatu za funza, kila hatua mnene kuliko aliyopita. Kitu kimoja nilichokishika: wanataka unyevu. Upande mmoja wa dumu mbolea ilikauka, hawakukaa, walijazana upande uliolowa. Daktari aliniambia mbolea ya kuku ikiwa na maji nusu mpaka robo tatu ya uzito wake ni pepo kwao, ikikauka kweli kweli ikavunjika mkononi kama udongo wa kiangazi hawawezi kuishi.

Ijumaa wakabadilika tabia. Walewale waliokuwa wanagombania unyevu wakaanza kuukimbia, wanapanda ukuta wa dumu usiku, wengine tumewakuta wamegandia kwenye chandarua. Wameshiba, wanatafuta sehemu kavu na yenye kivuli wajifunge. Funza aliyekomaa anaweza kutambaa mita kadhaa, mpaka kumi na tano wanasema wataalamu, kutafuta hiyo sehemu. Ndo maana vile vidude vilikuwa chini ya magunia na sio kwenye chombo cha maji. Nilikuwa nasafisha walipokula, wenyewe walishahama.

Jumamosi, wiki moja kamili, pupa za kwanza. Ngozi ya funza haitoki safari hii, inakakamaa inakuwa ganda, mwanzo njano, jioni kahawia nyekundu, siku ya pili karibu nyeusi, saizi ya punje ya mpunga ulionona. Haijongei, haili. Mwanangu akasema mama zimekufa. Nikamwambia subiri. Na kwenye ganda hilo spreyi haipenyi vizuri, unaweza kupuliza banda lote leo likanuka dawa mpaka kesho, pupa zimelala tu zinasubiri siku yao.

Jumatano asubuhi, siku ya kumi na moja, alinigongea dirisha la chumbani. Mama njoo, linafunguka. Jamani nimefuga miaka sita sijawahi kuona kitu kile. Nzi anatoka kwa kupasua ncha ya ganda na paji la uso, ana kama puto pale juu ya macho, linavimba linanywea linavimba linanywea, mpaka kifuniko kinatoka. Anatoka kijivu, laini, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa, anakimbia kwa miguu kutafuta pa kusimama, hawezi kuruka. Lile puto linarudi ndani ya kichwa halitumiki tena maisha yake yote. Baada ya saa moja na kitu mabawa yamenyooka, rangi imekolea, ameruka. Na hapo nikaelewa wale niliowakuta Jumatano ile wanatembea kwenye maranda kama hawajui kuruka. Hawakutoka kwa jirani. Walizaliwa chini ya miguu ya kuku wangu usiku ule, kwenye maranda ambayo mtego hauna namna ya kuyafikia.

Kingine tulichojifunza hapo, nzi akishatoka hakui tena. Ule mwili ndo wa moja kwa moja. Kwaiyo wale nzi wadogo unaowaona kwenye ndizi mbivu sio watoto wa nzi hawa, ni aina nyingine kabisa, watoto wa nzi ni funza. Mwanangu alienda kuwaambia darasa zima.

Sasa turudi kwenye hesabu, kwasababu nyota zangu zinatoka hapa. Nzi jike akitoka kwenye ganda hatagi siku hiyo. Kwenye joto kali sana ni siku mbili, kwenye ubaridi kidogo wa digrii ishirini ni siku kama tisa, kwetu tuseme siku tatu nne. Hiyo ndo nafasi ya mtego. Akiingia mfukoni siku ya pili ya maisha yake amekufa na mayai yake yote 500. Akiingia siku ya kumi na tano, umekamata mzee ambaye wajukuu wake wako njiani, mfuko unajaa unafurahi lakini hujapunguza kitu. Kwaiyo mtego unatakiwa uwe umeshaanza kunuka kabla wimbi jipya halijatoka, na mi niliuanzisha wimbi likiwa limeshataga. Chambo kinataka siku tatu kuchacha, kumbuka. Ukiona pupa leo ning'iniza leo.

Na huu mfuko hauchagui vizuri. Nilipomwaga wa kwanza (nimechimba shimo futi mbili nikazika bila kuukamua, tafadhali msiukamue) niliangalia, wengi walikuwa wale wa kijani wanaong'aa, wanaopenda nyama na mizoga, na nzi wa kawaida wa nyumbani walikuwa nadhani nusu au chini ya nusu. Wa kijani wanaipenda mno ile harufu ya kuoza. Kwaiyo mwenye bucha au muuza samaki kwa maoni yangu atafaidi zaidi yangu, auweke nyuma, mbali, upande ambao upepo hauleti harufu kwa wateja. Mama lishe ukiwa na banda lako la chakula barabarani pamebanana, usinunue huu, nakuomba, huna hizo mita sita, harufu itakufukuzia wateja na nzi utawaita mwenyewe kwenye sahani zao. Wewe chukua karatasi za gundi.

Na karatasi za gundi nimezitumia pia, ni mia tano kila moja, watu wanazidharau. Siri yake ni usiku. Nzi mchana anaruka usiku analala, na analala juu, kwenye waya, kamba, kingo za boriti, chini ya bati. Ukipita saa mbili usiku na tochi utaona wamelala wapi, pana madoa meusi mengi ya vinyesi vyao. Ning'iniza hapo hapo, sio katikati ya dirisha. Kwenye banda la kuku gundi inakufa haraka kwa vumbi, wiki haimalizi, jikoni inakaa vizuri zaidi.

Spreyi za kuua sikuzipenda na sio kwa sababu ya bei. Inaua wanaoruka leo, wa kesho wako kwenye ganda, na wale wachache wanaobaki ndo wenye uwezo wa kuhimili, wanazaana hao. Sio jambo geni hili, DDT yenyewe ilianza kusifiwa kama mkombozi wakati wa vita kuu ya pili na kufikia 1946 na 1947 nzi wa Sweden na Italia walikuwa wameshaizoea. Na spreyi inaua pia vile vinyigu vidogo vyeusi, vidogo kuliko sisimizi, ambavyo vinataga mayai yake ndani ya pupa ya nzi na kuila kutokea ndani. Hao wako bandani mwako bure kabisa wanakufanyia kazi, na wewe unawapulizia.

Dawa ya unga ya funza, yenye siromazini, hii daktari aliniandikia nikanunua mara moja. Watu wengi wanasema haifanyi kazi, na ninaelewa kwanini wanasema, kwasababu unaimwaga leo na kesho nzi ni wale wale. Haiui nzi. Inamzuia funza asijivue ngozi vizuri na asifike kuwa pupa, kwaiyo matokeo utayaona baada ya wiki na zaidi, wale wazee wakianza kufa wenyewe na hamna wa kuwarithi. Ni nzuri sana pale mvua imekuzidi nguvu na huwezi kukausha. Ila muulize daktari wako kipimo na habari ya mayai unayouza, usinunue kienyeji kwa kuangalia rangi ya pakiti.

Kilichoniponya mi ni kalenda. Nimebandika kwenye mlango wa stoo. Kila Jumamosi na kila Jumatano naondoa yote yaliyolowa, hasa kuzunguka vyombo vya maji, naweka maranda makavu. Sababu ni kwamba funza anahitaji siku tano au sita za kula, mi nikipita kila baada ya siku tatu nne hakuna atakayemaliza shule. Chombo kilichokuwa kinavuja nimebadilisha mpira, shilingi elfu mbili, na kusema kweli ile elfu mbili imefanya kazi kuliko zile elfu tisa. Mbolea sihifadhi tena kwenye magunia wazi, nairundika kwenye jua nafunika na turubai jeusi nakandamiza kingo zote kwa mawe, ndani inapata joto la kuwaunguza funza, ila kingo ndo pa kuangalia maana wanakimbilia huko kwenye ubaridi. Nikifunua asubuhi nawafungulia kuku kumi hivi wanamaliza wote waliokimbia. Kuku anamjua funza kuliko sisi.

Kupima kama kweli wamepungua, maana macho yanadanganya, daktari alinifundisha kadi. Chukua karatasi ngumu nyeupe saizi ya kiganja, ibane kwenye nguzo wanapopenda kutua, iache wiki nzima, afu hesabu madoa. Ukipata madoa mia na kuendelea hali ni mbaya. Mi kadi ya kwanza nilihesabu mpaka mia mbili nikaacha. Kadi ya wiki ya nne, baada ya mizunguko miwili ya kufagia kwa kalenda na mtego ukiwa mwarobaini, madoa 71. Wiki iliyopita 28. Na hizo wiki mbili za mwisho mvua ilikuwa inanyesha.

Dada yangu yuko Njombe na yeye kanunua mfuko huo huo baada ya kuona picha, kaniambia umekaa wiki hauna kitu. Nimemwambia asiutupe. Kule ni baridi, na ikifika mwezi wa sita na wa saba yai mpaka nzi inaweza kupita mwezi na zaidi, pupa peke yake wiki mbili tatu, na hata chambo chenyewe kinachelewa kuchacha. Kwaiyo maelekezo yangu ya Jumamosi na Jumatano ni ya huku kwenye joto, Moro, Dar, Tanga, pwani yote. Mwenye baridi ana muda mrefu zaidi, afagie banda kila wiki inatosha, na mtego auweke juani kabisa.

Mapungufu ya bidhaa yenyewe niyataje maana ndo nilichokuja kufanya. Kamba ya kuning'inizia ni dhaifu, ya mfuko wa kwanza ilikatika upepo ulipovuma na ule uchafu ukamwagika, nimebadilisha nikafunga waya. Hakuna maelekezo ya Kiswahili hata mstari mmoja, na hapo ndipo watu wanapoharibikiwa, wenye kuleta hii bidhaa waandike tu "weka nje, mbali, juani, subiri siku tatu", wangeuza mara mbili. Mvua ikinyesha sana maji yanaingia kwa juu yanazimua chambo, weka kipande cha bati juu yake. Kiangazi maji yanakauka, ongeza kidogo kidogo. Mfuko mmoja unakaa wiki tatu, ukijaa mapema usisubiri. Watoto wasiufikie.

Nyota tatu na nusu basi. Ningetoa nne kama ungekuwa na kamba ya maana na karatasi ya Kiswahili. Kwa bucha na soko la samaki nne naitoa hata bila hiyo. Kwa banda la kuku ununue, ila siku hiyo hiyo ukiuning'iniza chukua kijiti ukachokonoe kwenye chombo cha maji.

Bibi nimempelekea trei ya mayai Jumapili. Ametoa viti nje tukanywa chai pale barazani, vikombe havikufunikwa, na yule mjukuu amelala kwenye mkeka bila chandarua. Mfuko wa pili unaisha Alhamisi, wa tatu ntaununua Jumatatu ili mpaka Alhamisi uwe umeshachacha.